Sauti ya Dada Yako Redioni

Shemeji yangu mpendwa,

Uniwie radhi kukuandikia ilhali tunazungumza redioni kila safari. Yapo mambo yasiyosemeka mbele ya madereva wote. Mimi sijambo, breki za lori zimetengenezwa, na mvua imepungua njiani.

Tangu ukalie kiti cha marehemu dada yako pale ofisini, ukituita mmoja mmoja redioni, kazi inakwenda vyema. Ila sauti yenu ni moja. Jumanne uliponiuliza, "Mzee, umefika wapi?" nilijibu, "Nakaribia, mke wangu. Kula tu, usinisubiri."

Barabara nzima ilisikia. Hakuna aliyecheka. Hata yule dereva tunayemwita Kasuku, ambaye hachoki kunitania, "Babu, hilo lori unaliendesha au unalichunga?", hakutia neno. Heri wangecheka.

Nisamehe kwa kukutia haya. Nilikaa kuandika barua hii nikuombe umwachie mtu mwingine kuniita. Sasa nimefika mwisho wa karatasi, na ombi lenyewe limenishinda. Tafadhali, endelea kuniita. Nami nitajitahidi kukuitikia kama shemeji.

Wako kwa heshima na majuto,
Shemeji yako