Mlango wa Ofisi ya Mume Wangu

Jumatano. Mvua imegoma kutwa nzima. Mawingu yamekaa tu juu ya Tabora, na jasho halikauki mwilini. Mume wangu bado hajarudi. Naandika upesi kabla hajaingia.



Nianze na Nyamizi. Ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni dada yangu, ingawa yeye kakulia Sikonge kwenye tumbaku na mimi hapa mjini kwenye cherehani. Analala kwangu tangu mumewe, Masanja, alazwe hospitali. Bani, banda la kukaushia tumbaku, lilimwangukia likamvunja mguu. Siku ile barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, gari halipiti, hata baiskeli haipiti, wakampeleka kwa mzee wa jirani anayeunga mifupa. Wangefanyaje, na mtu analia vile? Maji yalipopungua wakamleta mjini, mguu umeshavimba na unanuka. Daktari akasema apelekwe haraka hospitali ya misheni, kwenye mpasuaji.

Gharama hiyo ni ya Mfuko wa Matibabu. Kila mkulima wa chama chetu cha ushirika hukatwa fedha ya Mfuko anapouza tumbaku. Waliambiwa huo ndio ujamaa wenyewe: mmoja akiugua, wote wamuuguze. Lakini msimu huu Mfuko unakataa tu. Huyu ugonjwa wake ni wa zamani. Yule amechelewa kutoa taarifa. Masanja alitibiwa kienyeji kwanza, basi amejipotezea haki.

Anayewaambia hivyo ni mume wangu. Yeye ndiye katibu wa Mfuko.

Juzi Nyamizi alimkabili hapa hapa, tunakula. Mume wangu akamjibu kwa upole, "Shemeji, nikikupitishia wewe, watasema Katibu anatibu ndugu zake. Wengine nitawanyima vipi?"

"Basi usiwanyime," akasema Nyamizi.

Mume wangu akanawa mikono, akatoka. Mimi nikakusanya vyombo.

Leo mchana nilimpelekea chakula ofisini. Nilipopinda kona nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani, wa Sikonge, wa Usinge, baiskeli zimelazwa ovyo, wanaume wanapiga kelele, "Tokeni! Tumechoka!" Mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Mlango wa ofisi umekomewa kwa ndani.

"Mke wa Katibu huyu!" mtu akasema.

Wote wakanigeukia. Nikahisi bakuli linanichoma viganjani. Nyamizi akapenya, akanishika mkono. "Mwacheni. Ni dada yangu."

Nikabisha hodi mlangoni, nikasema ni mimi. Mume wangu akafungua kidogo, akanivuta ndani, akashusha komeo. Shati lake limelowa mgongo mzima. Mwenyekiti wa chama alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Askari wako njiani," Mwenyekiti akasema.

"Wakija watawapiga hawa," nikasema. "Nyamizi yumo."

"Watajua wenyewe."

Jiwe likatua juu ya bati. Nikamtazama mume wangu aseme kitu. Akatazama sakafu.

Nikainua komeo.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Niliona tu mkono wangu uko pale, mlango uko wazi, na mimi napiga ukelele, "Akina mama kwanza! Ingieni mkae chini!" Wakaingia, wakakaa, wakajaa hadi ukutani, wengine na watoto migongoni. Wanaume wakabaki nje. Nani atarusha jiwe na mama yake yumo ndani?

Nyamizi hakukaa.

"Shemeji," akasema, "mguu wa Masanja unaoza naye yu hai. Niambie usoni kwamba nirudi nikamwambie afe."

Mume wangu akachukua ufunguo wa Landrova ukutani.

"Hiyo gari ya chama!" Mwenyekiti akasema.

"Na Masanja ni mwanachama."

Wakaondoka, yeye, Nyamizi na dereva wa chama, kumchukua Masanja na kumpeleka hospitali ya misheni. Askari walipofika walikuta akina mama wameketi kimya na Mwenyekiti anajifuta jasho. Hakuna aliyeguswa. Mbele yao Mwenyekiti akakubali kesho kuwe na mkutano wa wanachama wote kwenye ghala la tumbaku, kila aliyekataliwa asikilizwe. Watu hawakuamini. Wameamua kulala pale pale ghalani.

Namsikia mume wangu mlangoni.

Amerudi, ameoga, amekaa mkekani. Chakula hajakigusa. Masanja wamemkata mguu chini ya goti. Yu hai. Nyamizi amebaki naye.

"Umenifungulia watu," akaniambia.

"Ndiyo."

"Wangeweza kuniua."

"Ndiyo."

Nilidhani atanifokea. Badala yake akasema, polepole, kama anayejisomea mwenyewe, "Mpasuaji amesema angeletwa mapema, mguu ungepona." Kisha akasema kesho atasimama mkutanoni aeleze kwamba ni yeye aliyeandika hapana, na kwamba Mwenyekiti akimfukuza kazi, amfukuze.

Halafu akaniuliza mimi nitakaa wapi kesho mkutanoni.

Sijamjibu. Kukaa naye ni haki yangu kama mke wake. Lakini nikikaa ubavuni pake, wale waliolala ghalani wataona komeo limerudi mahali pake. Na nikikaa mbali, yeye atakuwa na nani?

Nimeshajua. Nitakaa chini, mstari wa mbele wa akina mama, mahali ambapo akisimama kusema ataniona mimi kwanza.

Nitamwambia alfajiri, kabla hajavaa viatu.