Vita Vimekwisha, Karafuu Bado Mbichi

Pujini, Jumatatu, baada ya Isha

Imekwisha! Bado siamini. Jioni tatu nimekwenda mpaka Wesha kufuata mtandao, nipakue gemu ile ya vita kwenye simu, na sehemu ya kucheza peke yako imekwisha kati ya adhuhuri na alasiri.

Nami ndiye niliyejitolea kubaki nyumbani kulinda karafuu mpaka zikauke, nikijua nina vita vya wiki nzima. Nimezigeuza mara moja tu jamvini! Maadui wenyewe wamesimama kama minazi, wanangoja kupigwa.

Mama aliporudi shambani alinikuta nimeduwaa.

"Kafa nani?"

"Hakufa mtu, mama. Nimeshinda vita."

"Na sura hiyo?"

Sikumwambia kilichoandikwa mwishoni: hongera, sasa ingia mtandaoni ucheze na wenzako.

Wenzangu! Hamadi kahamia Unguja. Saidi yuko Maskati tangu Mfunguo Tatu, hata salamu haleti. Ningekuwa na wenzangu, gemu ya kucheza peke yangu ningeitafuta ya nini?