Mahubiri ya Mchungaji Urquhart

Halifax, 9 Machi 1998

Shangazi Effie mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na theluji hii? Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa ajili ya Mchungaji Urquhart. Kitabu cha mahubiri alichoandika kwa mkono enzi zile kimefika salama, ingawa kila nikifungua ukurasa kinaniachia makombo ya karatasi mezani.

Nimeanza kuyaandika mahubiri upya kwa kompyuta. Mzee wetu alipenda maneno! Sentensi yake huondoka asubuhi, ikala chakula cha mchana njiani. Nimezikata zikawa fupi, na maneno yaliyokufa nimeyabadilisha. Lile hubiri la kuwakemea wacheza dansi nimelitoa. Vijana wakilisoma watasema Wapresbiteri tulizaliwa tumenuna.

Nakutumia uone.

Mwanao,
Kirsty

Glen Torran, 17 Machi

Kirsty mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, moyo ndio unaoniuma. Nilikupa mzee wa watu umtunze, nawe umemnyoa ndevu ukamvika kaptura!

Huyu ndiye aliyevuka barafu kuwazika watoto waliouawa na ile homa, wakati hata ndugu zao waliogopa kusogea. Kanisa letu halina nakala nyingine ya maneno yake. Na hubiri la dansi, nani kakuruhusu ulitoe? Ukimtunza mtu, mtunze na ukali wake.

Nirudishie kitabu changu.

Shangazi yako,
Effie

Halifax, 25 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, hata kama umenuna. Kuhusu dansi, umenishinda. Nimelirudisha hubiri lote, kemeo kwa kemeo.

Kuhusu sentensi, sikubali. Darasani ulikuwa ukituambia kuwa asiyeeleweka hajasema. Sasa mbona Mchungaji unamwacha bubu? Nakuomba kitu kimoja: wasomee watu wa kanisa hubiri la majirani, kwanza kama alivyoliandika, kisha kama nilivyoliandika mimi. Wakilikataa langu, kitabu nitakileta kwa mikono yangu.

Mwanao mkaidi,
Kirsty

Halifax, 20 Aprili

Shangazi,

Hujambo kweli? Barua haiji, simu inaita tu. Kama ni goti, niambie nije. Kama ni hasira, nitakuja vilevile.

Kirsty wako

Glen Torran, 27 Aprili

Kirsty mwanangu,

Mimi mzima kabisa. Kwanza sikupokea simu kwa hasira, baadaye kwa aibu ya hasira yenyewe.

Jumamosi tulikuwa na chakula cha pamoja ukumbini, supu ya samaki na biskuti za shayiri. Nikasimama nikawasomea la Mchungaji mwenyewe. Murdo MacPhail akakoroma mpaka mkewe akamfinya. Nikasoma la kwako. Nilipofika pale anaposema, “Unamwombea mtu wa China usiyemjua, na jirani yako humpi hata salamu,” Murdo akafumbua macho, akasimama.

“Effie, hayo umeyaongeza wewe!”

“Yameandikwa kabla babu yako hajazaliwa. Kaa chini.”

Hakukaa. Alichukua kofia akatoka, supu ikabaki inapoa. Mkewe akaanza kulia, maana alidhani amekasirika. Unajua yeye na kaka yake Hector hawajasemezana tangu ugomvi wa ule ua wa kondoo.

Basi, mwanangu, mlango ukafunguka, Murdo akaingia na Hector, wote wawili theluji hadi magotini. Nikampa Hector bakuli la supu.

Wakataka niendelee kusoma. Nikawasomea la dansi. Watu walicheka mpaka machozi, na kila kemeo wakaomba nilirudie. Hapo ndipo mchungaji wetu wa sasa alipokwenda kupiga piano, nasi tukacheza! Goti langu lilisahau kabisa kuwa linauma.

Kata sentensi unavyotaka. Chapisha, tena kwa herufi kubwa, na uwahi: tangu siku hiyo Murdo na Hector wako jikoni kwangu wanagombana upya, kila mmoja anaapa kuwa hubiri lile la majirani Mchungaji alimwandikia yeye.

Shangazi yako,
Effie