Mwezi Niliokuficha Ndani

Mdogo wangu Sharifa,

Hujambo huko Dar? Mimi dada yako sijambo, goti tu linanisumbua nikienda sokoni, ila mdomo mzima kabisa na unakusalimia. Bahasha hii sijaigundisha. Anayeileta ni Mama Hamisi wa dukani, na nimemwambia akitaka aisome njiani, na abiria wenzie wakitaka awasomee. Sababu utaiona mbele. Unanijua, mimi siwezi kufika ninakokwenda bila kupita kila nyumba.

Unakumbuka ulivyokuwa bado ofisini Ruangwa, ukaja kwangu hapa Nachingwea Ijumaa moja ukaniambia unataka kusoma shahada ya pili ya biashara, chuo kiko Ulaya, ila kwanza kuna mtihani wa kuingilia, unafanyiwa Dar kwenye kompyuta. Wewe ulisema, "Nikifaulu, dada." Hiyo nikifaulu niliiacha pale pale mkekani. Mpaka Jumapili Nachingwea nzima inajua Sharifa anakwenda Ulaya, na Ruangwa walijua kabla wewe hujarudi kazini. Wanawake wakaleta vitenge, tukasoma dua, tukapika pilau, Bi Somoe jirani yangu akacheza mpaka kilemba kikamwanguka. Ukachukua likizo, ukaondoka na vigelegele, hujajibu hata swali moja.

Siku chache tu nasikia mlango wa uani unagongwa. Wewe. Khanga umejifunika mpaka puani. Ukanisimulia ulivyopita stendi ya Ruangwa, ukajibanza nyuma ya magunia ya ufuta wenzako wa ofisini wasikuone, ukadandia gari la mizigo kuja kwangu. Kumbe matokeo yanatoka pale pale kwenye kompyuta, hata jasho halijakauka. Umepata mia nne tisini, chuo kinataka mia sita. Ukasema kuurudia ruksa, ila lazima upite mwezi kwanza.

Mdogo wangu, mimi pale sikuona mtihani. Niliona vitenge vya watu. Nikakuvuta ndani, nikatia komeo.

Nikakuweka kama mwali. Tena afadhali mwali, ana wenzie, ana somo wake wa kumfundisha, na siku yake ya kutoka inajulikana. Wewe ulikuwa na mimi niliyeishia la nne. Dirisha nimelizibia khanga, joto lile la kuelekea msimu wa korosho, wewe na lile libuku lako la maswali, nene kama tofali. Mimi nakushikia saa. Nikisema anza unaanza, nikisema basi unatupa kalamu. Ukanieleza kwenye ile kompyuta ukilipatia swali inakuletea gumu zaidi, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma kurekebisha. Nikasema hiyo siyo kompyuta, hiyo ni wifi wa ukweni. Tulicheka kwa kujiziba midomo na mto. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyocheka.

Na watu hawakomi kupiga hodi. Nyumba yangu tangu lini ikafungwa? Umbea wote wa mtaa ulikuwa unalala kwangu. Nikabuni kunguni. Kila anayekuja namzuia mlangoni, usiingie mwenzangu, nimetia dawa ya kunguni. Wiki ya kwanza kunguni, ya pili kunguni, ya tatu wamezaa. Tukakaa nje kibarazani, mimi na wao, na wewe nyuma ya ukuta huu hapa unasikiliza wanavyokusifu. Mmoja akasema saa hizi Sharifa anakanyaga barafu. Nikaitikia, tena nikaongeza na koti ulilonunua.

Walipoondoka niliingia nikakukuta umekaa chini, libuku limefunikwa. Ukaniambia taratibu, "Dada, umenizika mzima."

Nilikujibu soma mwanangu, zimebaki siku tisa. Ndivyo nilivyokujibu, Sharifa. Mimi mwenye maneno yote haya.

Ukaenda ukaurudia. Ukapiga simu dukani kwa Mama Hamisi, nikakimbia na ndala mguu mmoja. Ukasema umeongeza, mia tano ishirini, lakini haitoshi. "Sirudi mpaka niipate." Mwaka wa tatu huu. Kazi ya Ruangwa imekwenda, unauza vocha za simu huko, unasoma, unaurudia. Nami huku nimebanwa mle mle nilimokubana wewe. Nikiulizwa hajambo Sharifa huko Ulaya, nasema hajambo, baridi tu. Wanasema alhamdulillah. Miaka mitatu natunga baridi, mimi ambaye baridi naijua ya mtungini tu.

Sasa sikia. Juzi tunamenya mihogo na Bi Somoe, kaniletea bakuli la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Nikamwambia lakini mwenzangu unajua mimi ming'oko inanichafua tumbo, siili, mlaji wake Sharifa. Akasema najua. Nikashangaa. Akasema, "Ulipokuwa na kunguni nilikuletea kila Ijumaa, na bakuli lilirudi jeupe."

Kisu kikasimama mkononi. Akaendelea kumenya, hata kunitazama hanitazami. "Halafu kunguni gani wale, mwanamke, wanakohoa kwa Kiingereza?"

Walijua, Sharifa. Mtaa mzima. Kumbe ulikuwa unasoma kwa sauti, ukuta wenyewe wa udongo. Yule aliyesema unakanyaga barafu naye alijua, alisema vile upate moyo. Nikamuuliza Bi Somoe kwa nini hawakuniambia. Akasema wangeniambia ningeuweka wapi uso wangu? Wewe hawakuwa na wasiwasi na wewe, mtihani mtu anarudia. Waliyemwonea huruma ni mimi. Na mtaa huu siri haikai hata kutwa, nami ndiye mkubwa wa wambea wake, mdogo wangu. Hiyo moja waliikalisha miaka mitatu.

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaenda kila nyumba kusema mwenyewe. Wakanisikiliza kama ndiyo kwanza wanasikia.

Basi ndiyo maana bahasha iko wazi. Hakuna wa kumficha tena. Watu hawa vitenge walikupa wewe, hawakuipa ile mia sita. Mtihani urudie, sikukatazi, hata mara kumi, saa nitakushikia. Lakini urudie ukitokea kwenu, dirisha wazi, ukikohoa Kiingereza chako watu wakitegea sikio. Mwali haachwi ndani mpaka azeeke. Mimi ndiye niliyekuingiza, sikukutoa, na hilo nakuomba radhi mbele ya Mama Hamisi na basi zima.

Ukija shuka Ruangwa mchana, ukae stendi ununue hata chungwa, wakuone. Ukifika hapa pita mlango wa mbele. Wa uani nimeupangia kuni mpaka juu.

Ni mimi dada yako,
mwenye kunguni.