Mara Kumi Kila Saa

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo, ukiondoa kidole kimoja, na hicho ndicho kilichonikalisha niandike.

Nilikwambia kwenye simu kwamba nimejikata kidogo. Ukweli ni kwamba kisu cha kukatia soli kiliteleza, kikakata kano la kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Damu haikuwa nyingi, ndiyo maana nilimaliza kwanza kiatu cha mteja. Nilipotaka kushika cha pili, kidole kilibaki kimenyooka kama askari wa gwaride. Nilikiamuru kijikunje, hakikuwa na habari na mimi.

Daktari mpasuaji alinieleza kwamba kano ni kama uzi unaopita ndani ya ala: likikatika, ncha moja hujivuta ikajificha kiganjani. Aliitafuta, akalishona. Nilimuuliza amepiga mishono mingapi na ya namna gani, fundi kwa fundi, akasema hajawahi kukaguliwa na mgonjwa. Akanifunga gango la plastiki, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa tunamwita Mama Kunja.

Yeye aliniagiza kila saa nikikunje kidole mara kumi kwa msaada wa mkono wa pili, humo humo ndani ya gango, bila kunyanyua kitu. Hapo ndipo ufundi uliponiponza. Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba kilichogandishwa kisiguswe. Soli ukishaipaka gundi, unaikandamiza, unaiacha. Nikaona mama huyu hajui gundi. Nikakizungushia kitambaa, nikakilaza.

Wiki ya pili alinifuma. Alisema kano si soli. Likiachwa limelala hushikana na nyama za pembeni, likapona vizuri kabisa mahali pasipotakiwa. Alicheka, nami nikacheka, kisha akaamua kwamba badala ya mara moja kwa wiki niende mara tatu, akikunje mwenyewe.

Anakaa mbele yangu, meza ndogo katikati, taulo juu yake. Anaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, nusu saa nzima, huku akinisimulia habari za paka wake anayeogopa panya. Dada, tangu wifi yako afariki hakuna aliyeushika mkono huu. Wa kulia angalau husalimiwa; wa kushoto nani ana habari nao? Wateja hunikabidhi viatu, wakaenda zao. Nyumbani kiti cha pili nimekigeuza rafu ya magazeti. Usinifikirie vibaya, yule mama ana mume, tena mwanamasumbwi mstaafu.

Sasa ninaungama. Tangu wiki ya pili nilijua la kufanya, na sikulifanya. Nyumbani sikukikunja hata mara moja. Kila aliposikitika kwamba kidole hakilegei, nilisikitika pamoja naye, huku nikiwaza nitavaa shati gani safari ijayo. Juzi, wiki ya saba, aliuweka mkono wangu chini taratibu, akasema amefika mwisho wa ujuzi wake. Kisipoanza kujongea ndani ya wiki mbili, nitapasuliwa tena ili kano libanduliwe, na hakuna awezaye kuniahidi kwamba nitashika kiatu tena. Hakunilaumu. Aliniomba radhi. Hilo ndilo lililonichoma.

Kesho nitamwambia. Nimeanza na wewe kwa kuwa ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Barua hii nimeianza asubuhi. Kila saa ikitimia naweka kalamu chini, nakikunja mara kumi. Mpaka hapa kimesogea upana wa punje ya mtama.

Alipozikwa wifi yako uliniambia utakuja kukaa nami kidogo, nikajibu nina viatu vingi vya watu. Havikuwa vingi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kimemshinda hata mwenyewe. Goti likikuruhusu, njoo wiki mbili hizi unihesabie. Najua utaruka namba, kama ulivyokuwa ukiruka tulipocheza kujificha. Magazeti nimeshayatoa kitini.

Msalimie shemeji. Mwambie viatu vyake vya kahawia vimekuwa tayari tangu mwaka juzi. Nilikuwa nasubiri mtu aje kuvichukua.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi viatu