Isale la Baba

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimemwomba baba aniue. Amekataa.

Nilimwambia iwe ajali ya gari, au homa, chochote. Rozi afe kwenye tamthilia, azikwe, mimi nipumzike. Baba akaendelea kumenya ndizi yake. Akasema Rozi akifa tamthilia imekufa, na tamthilia ikifa familia nzima tutabaki tunatazamana. Ni kweli. Baba anaongoza, tena anaigiza baba yangu. Mama anaigiza mama yangu. Nyumba tunayorekodia ndiyo hii tunayolala, hapa Njiro — kitanda cha Rozi ni kitanda changu! Miaka saba sasa naamka binti mtiifu, napakwa poda, nakuwa binti asiyeshikika. Jioni naosha sufuria zilezile nilizozirusha mchana kwa hasira. Siku ya kurekodi hakuna anayeniita Anneth, hata mama. Ni Rozi, Rozi, Rozi.

Kuhusu Simaloi na filamu yake sikusema.

Jumatano, 11 Juni

Mama kanituma sokoni Tengeru. Muuza nyanya mmoja akakataa kuniuzia. Eti siku ile nilivyomsukuma mama yangu kwenye tamthilia, yeye hakupata usingizi. Nikamwambia mama mwenyewe ndiye kanituma. Akasema basi aje mwenyewe. Nimerudi na vitunguu tu. Mama kacheka mpaka kaegemea friji. Mimi sikucheka.

Baada ya chakula nikamwambia baba yote. Simaloi anatengeneza filamu kule Oldonyo Sambu. Ananitaka niwe daktari wa mifugo, mwanamke wa maneno machache, anatibu ng'ombe wa watu huku wa kwake wanakufa. Hakuna kofi hata moja kwenye hadithi nzima! Gari litanipitia Jumamosi. Nisipopanda atachukua mwingine, na hilo kaniambia bila kupepesa macho.

Baba akasema babu aliigiza Yuda kanisani Machame kila Pasaka mpaka uzee ukamshinda, watu wakamzomea njiani, na hakuwahi kuomba kuwa Petro.

Mimi si babu. Mimi nataka kuwa Petro. Au hata jogoo.

Alhamisi, 12 Juni

Amekubali!! Rozi hafi, anaondoka. Baba yake atamwomba msamaha kwa kumfukuza, Rozi atakataa, atatoka getini moja kwa moja. Nami kwa kiherehere changu nikasema amwombe kwa isale. Kwetu Uchagani mtu akikujia na jani la isale mkononi, hata kama alikuchomea nyumba, unasamehe. Halikataliwi. Rozi akilikataa, hakuna mtazamaji atakayetaka arudi tena.

Baba akasema ni wazo zuri sana. Hajawahi kusifia wazo langu hata siku moja.

Jani litakuwa lolote la bustanini. Kwenye tamthilia yetu kila kitu ni cha uongo, wiski ni chai ya rangi, damu ni rangi ya keki.

Ijumaa, 13 Juni

Baba hayupo tangu asubuhi. Mama anasema kaenda Machame mara moja. Baridi. Mlima Meru hauonekani kabisa. Begi limefungwa, nimelifungua, nimelifunga tena.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika upesi, niko chumbani. Betri ya kamera imeisha, wanabadilisha.

Asubuhi niliwakuta uani shangazi Marta na baba mkubwa Efraimu, kwenye viti vya plastiki. Hawajawahi kukanyaga tunaporekodi. Baba akasema amewaomba waigize wazee wa ukoo, maana ndio wazee wa ukoo. Nikacheka, mjinga mimi.

Tukaanza. Baba akatokea nyuma ya nyumba na jani. Isale lenyewe! Amelikata kihambani, shamba la ukoo kule Machame, pale kwenye kaburi la babu — ndiyo safari ya jana hiyo. Tulikubaliana asimame. Amepiga magoti. Baba yangu, mbele ya dada yake na kaka yake, kwenye saruji, na goti lile bovu. Shangazi alifunika uso kwa khanga. Na baba hakusema maneno ya Rozi.

“Anneth, mwanangu,” akasema. “Nilikufanya mbaya mbele ya watu kwa sababu wewe ndiye uliyeweza kuliko sisi sote. Nisamehe. Usiniache.”

Nilitakiwa kusema simtaki, yeye wala jani lake. Mdomo ukagoma. Nampenda, na nina hasira naye. Alikuwa anaigiza? Nimeishi naye miaka ishirini na saba na sijui. Huenda naye hajui. Hapo ndipo kamera ikazima, nikakimbilia humu.

Shangazi alinifuata mpaka mlangoni. Amesema isale halijui kamera, nikilikataa nimelikataa kweli.

Gari la Simaloi liko getini. Limeshapiga honi. Nikichungulia dirishani namwona baba, bado amepiga magoti. Ni kanuni yake mwenyewe, betri ikiisha mtu hasogei, ili picha ziungane. Mkono ameunyoosha vilevile. Jani linatikisika kidogo. Baba mkubwa kavua kofia, kaishika kifuani.

Nimemfungulia mama, kaja na poda. Nilikuwa naanza kufuta machozi, akanishika mkono. Akasema niyaache, picha zisije zikapishana. Macho yake nayo yamejaa. Nikamuuliza nifanye nini. Akanirekebisha kola.

Kamera iko tayari. Wananiita.

Wote wanaita Anneth.