Faili Linasema Nimeshazaa

Mshauri mpendwa, nisaidie maana nyumbani kwangu kumenuna. Mimi ni karani wa kiwanda cha sabuni na nina kadi ya bima, mdogo wangu anashona nguo kibarazani na hana, basi miaka mitatu iliyopita, kabla sijaolewa, uchungu ulipomshika, hospitali wakataka malipo kwanza, nikampa kadi yangu, tunafanana mno na hakuna aliyeitazama picha mara mbili, akapasuliwa kwa jina langu, mtoto akatoka salama, tukashukuru tukanyamaza. Sasa nami nina mimba yangu ya kwanza, miezi saba, wiki jana mume wangu akanisindikiza kliniki ya hospitali ileile kwa mara ya kwanza, nesi akafungua faili kabla hata sijapanda kitandani akasema, “Mama, wa kwanza ulipasuliwa, huyu wa pili tutampangia mapema.” Mume wangu akauliza, “Wa kwanza yuko wapi?” nami nikajitia kutafuta kadi mkobani, tangu hapo analala sebuleni na ananijibu kwa kichwa tu. Mama yangu anasema, “Funga mdomo, mwanangu, utamponza mwenzio na kazi uikose.” Nifanyeje?

Mimi, Kinywa Kizito

Kinywa Kizito, pole, ila wewe nawe! Unamwogopa mume, unamwogopa mwajiri, faili lenyewe hulihofii? Limeandikwa kovu usilo nalo na kundi la damu la mdogo wako. Siku ya kujifungua daktari atamsoma yeye huku akikutibu wewe.

Kumwokoa sikulaumu. Mwenye uchungu haulizwi pesa mlangoni, na aibu hiyo ni ya waliomuuliza. Miaka mitatu ya kunyamaza ndiyo yako.

Leo mumeo akirudi, mwite mdogo wako aje na mtoto, aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Mumeo atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Kesho wahi kliniki kabla ya foleni, mwombe muuguzi mkuu faragha, umweleze yote, upimwe damu upya. Kadi wanaweza kuisimamisha, kwa hiyo pitia kwanza chama cha wafanyakazi kabla hujaandika chochote kazini. Mama yako mwambie nimemsikia na nimekataa. Mdogo wako naye aulizie bima ya wasio na ajira rasmi, aingie kwa jina lake, asingoje mimba nyingine.

Tena muulize: mtoto wake akilazwa kesho, hospitali itamwita nani mama? Faili linakutaja wewe. Mrudishie mwanawe.